Kitako cha kukunja baada ya miaka nane: kimoja kililegea, kingine bado kinashika

Watu wengi wanasifia kitako cha kukunja cha bunduki, yaani ile sehemu ya nyuma inayokaa begani, siku ileile wanapokitoa kwenye boksi, kinakunjika, kinafunguka, kinalia klak, basi nyota tano. Mimi nataka niongelee mwaka wa tatu, wa tano, wa nane, maana huko ndiko kitu kinapojulikana. Nimetumia viwili kwenye bunduki ileile ya bolti, ile unayovuta mkono wa chuma kila risasi, kaliba ya .308, ya kuwindia na kupigia shabaha. Cha kwanza hakikumaliza miaka miwili. Cha pili kina miaka sita na bado nakiamini, na tofauti yao haiko pale ambapo watu wanaangalia wakati wa kununua.

Cha kwanza kilikuwa kizuri jamani, chepesi, plastiki nyeusi, raba laini ya begani, kinakunjika kushoto. Kampuni siitaji, haisaidii kitu. Bawaba yake ilikuwa na pini ya duara ya chuma inayoingia kwenye tundu la duara la alumini, na ukibonyeza kitufe pini inatoka. Miezi ya mwanzo hakuna shida. Halafu siku moja nimelala nalenga, nimeweka shavu, nikasikia kitu kama tik, kidogo sana, chini ya mfupa wa shavu. Nikanyanyua shavu nikaweka tena, tik. Nikatoa magazini, nikafungua bolti nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, haina kitu, nikashika bunduki kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine nikatikisa, kinacheza. Kidogo, lakini kinacheza.

Wengine watasema kidogo kidogo tu hakuna neno, lakini piga hesabu kwanza. Toka katikati ya bawaba mpaka pale loki inaposhika ni kama sentimita 2 na nusu, toka bawaba mpaka raba ya begani ni kama sentimita 25. Mara kumi hiyo. Kwa hiyo loki ikipata nafasi ya nusu milimita tu, kule mwisho kitako kinatembea milimita 5, na ukishaweka shavu na bega kila mara sehemu tofauti kidogo, jicho nalo haliko palepale nyuma ya darubini. Risasi zangu tano ambazo mita 100 zilikuwa zinakaa pamoja vizuri zikaanza kutawanyika, na mimi nilihangaika wiki kadhaa nikilaumu risasi, nikilaumu maunti ya darubini, nimekaza skrubu zote, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Nilipoifungua bawaba nikaona. Lile tundu la alumini halikuwa duara tena, limekuwa kama yai. Ukipitisha ukucha kwenye ukingo wake unasikia kabisa kadaraja kadogo, pale chuma kilipokuwa kinagonga alumini kila bunduki ikipiga teke. Teke la .308 si la mchezo, na nguvu yote hiyo inapita kwenye bawaba kabla ya kufika begani. Pini ya chuma kigumu ndani ya tundu la alumini tupu, hapo mshindi anajulikana toka siku ya kwanza. Fundi alitaka kutanua tundu aweke bushi ya chuma, yaani kibomba cha kuvalisha tundu kwa ndani, wazo zuri kabisa, ila ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, hakuna pa kukaa bushi. Kikaishia hapo.

Cha pili nilikichagua kwa kuangalia loki kwanza, mengine baadaye. Hiki loki yake ni kabari ya chuma, imechongwa kwa mshazari, inasukumwa na springi kuingia kwenye mfereji ambao nao una mshazari, na mfereji umewekewa chuma ndani. Ikilika kidogo, springi inaisukuma iingie ndani zaidi kidogo, pengo linajiziba lenyewe. Pini ya duara haiwezi hivyo, ikishalika imelika, kila siku nafasi inaongezeka. Mimi kila baada ya miezi michache nafanya kipimo cha karatasi: nafunga kitako, nachukua kipande cha karatasi nyembamba najaribu kukipitisha kwenye maungio ya bawaba pande zote nne. Mwaka wa kwanza hakikupita. Mwaka wa sita hakipiti. Kilichobadilika ni kwamba kitufe cha kuachia loki sasa kimekaa ndani kidogo kuliko zamani, yaani kabari imeshatembea, lakini bado ina safari ndefu.

Na hii akili si ya jana. Angalia bunduki ya kijeshi ya FAL, ya askari wa miamvuli, ile Para ya Wabelgiji, kitako chake hakina hata kitufe, unakisukuma chini halafu unakizungusha kwenda kulia, na kikirudi kinajibana chenyewe. Waisraeli walipotengeneza bunduki yao ya Galil wakafuata njia hiyohiyo. Ukitaka kuona upande wa pili angalia karabini, yaani bunduki fupi, ya Marekani ya M1A1 ya mwaka 1942, kitako cha waya chenye ngozi ya shavu, ambacho hakikuwa na loki ya kweli, kinazuiwa na kispringi tu, kwa hiyo ukiegemea vibaya kinaweza kujikunja. Kilitosha kwa mtu anayeruka na mwamvuli anayetaka kitu kifupi mwilini, lakini kulengea shabaha ya mbali ni habari nyingine. Warusi nao walianza na kile cha kukunjia chini, kwenye AKS na baadaye AKMS, bunduki za ukoo wa Kalashnikov, mikono miwili ya chuma inayozunguka magazini, mtindo uliotoka kwenye bunduki ndogo za MP 38 na MP 40 za Wajerumani. Aliyewahi kulala na AKMS kuukuu begani anajua kinavyocheza, na lile bati la begani lilivyo jembamba. AKS-74 wakabadilisha, pembetatu ya chuma inayokunjikia kushoto, bunduki inatoka milimita 943 inafika 690. Halafu AK-74M mwaka 1991 wakaweka kitako kizima cha plastiki ngumu kinachokunjika. Unaona walivyokuwa wanatembea, kutoka kwenye ufupi tu kuelekea kwenye kitako ambacho shavu linaweza kukaa.

Shavu ni jambo kubwa kwakweli. Kitako cha waya au cha bomba la chuma kwenye jua kali kinachoma, kwenye baridi kinauma, na kila teke kinagonga mfupa. Kama unapiga risasi tano kwa mwaka sawa, ila kama unapiga hamsini kwa siku moja utaanza kuogopa bunduki yako mwenyewe, ukianza kuogopa unavuta kifyatulio kwa kushtuka, na ukishtuka umekosa. Kitako changu cha sasa kina kipande cha shavu kinachopanda na kushuka kwa skrubu, hicho ndicho kimenifanya nisikiuze hata siku nilizochoka na uzito wake.

Maana uzito upo, nisikufiche. Bawaba ya chuma inaongeza kama robo kilo hivi, na iko nyuma, inabadilisha namna bunduki inavyokaa mkononi. Siku ya kwanza ya kutembea porini nilihisi mtutu umekuwa mwepesi unapanda wenyewe. Unazoea, lakini anayewinda kwa kutembea kutwa nzima akiniuliza nitamwambia achukue kitako cha kawaida tu, atafurahi zaidi. Kitu hakivunjiki kama hakina maungio.

Faida iko wapi basi? Kwangu ziko mbili na hakuna niliyoitegemea. Ya kwanza kubeba: bunduki yenye mtutu wa inchi 24 inazidi mita moja na senti kumi, ikikunjwa inashuka chini ya senti 90, inaingia kwenye begi la kawaida, inalala kwenye buti la gari bila kulazwa mshazari na mtutu haugongi mlango. Ya pili ndiyo naipenda zaidi, kusafisha. Kipande cha shavu kikiwa juu, bolti haitoki nyuma mpaka ukishushe au ukitoe, halafu ukirudisha lazima utafute tena urefu wako. Mimi nakunja kitako tu, bolti inatoka, fimbo ya kusafishia inaingia moja kwa moja kutokea nyuma bila kupinda wala kukwaruza. Dakika chache nimemaliza, na kipande cha shavu hakijaguswa.

Suala la kukunjia kushoto au kulia watu wanalichukulia poa, usilichukulie. Kwa bunduki ya bolti yenye mkono kulia, kitako kikikunjikia kulia kinaufunika mkono wa bolti, ndani ya begi unalindwa vizuri, lakini bolti haifunguki mpaka ukunjue, yaani huwezi kumuonyesha mtu kwamba chemba iko tupu bila kukunjua kwanza. Kikienda kushoto bolti inabaki huru, ila begi linakuwa nene. Mimi nimechagua kushoto kwa sababu ya hilo la chemba tu. Na angalia kitako kikiwa kimekunjwa kinashikwa na nini, kama hakina sumaku au kiloki cha upande huo kitakuwa kinapigapiga bunduki njia nzima, nimewahi kukuta alama ya mkwaruzo mrefu kwenye bodi kwa ajili hiyo.

Wenye AR-15, bunduki ya Kimarekani inayojipakia risasi yenyewe, wana jambo lao. Kwenye AR springi ya kurudisha iko ndani ya bomba la kitako, kwa hiyo ili kikunjike unaweka adapta ya bawaba katikati kama ile ya kampuni ya Law Tactical, pamoja na kipande cha kuongezea nyuma ya bolti kerieri, yaani kile kinachobeba bolti. Inafanya kazi, lakini ikiwa imekunjwa ile bunduki si ya kupiga, mzunguko hauwezi kukamilika. Ichukulie kama njia ya kubebea tu. Na kabla ya kuagiza chochote soma sheria ya kwenu, kuna sehemu kitako cha kukunja kinabadilisha kabisa kundi la bunduki na leseni yake, na urefu ukiwa umekunjwa unaweza kuhesabika.

Matunzo hayana mengi, makosa yangu yalikuwa mawili. Nilikuwa nalowesha bawaba kwa oili nikidhani nailinda, kumbe vumbi likikutana na oili linageuka msasa, kila ukikunja unasaga. Sasa naifuta kwa kitambaa kikavu, napaka grisi kidogo sana kwenye pini ya bawaba peke yake, uso wa kabari nauacha karibu mkavu. Kosa la pili skrubu. Zile zinazoshikilia bawaba kwenye bodi zinalegea kwa mtikisiko, weka gundi ya kubania nati, ile ya kufunguka kwa spana ya kawaida, halafu chora mstari wa rangi toka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye bodi. Mstari ukikatika unajua skrubu imezunguka kabla hujasikia chochote shavuni.

Plastiki nayo siyo adui, wengi wanakosea hapo. Nailoni yenye nyuzi za kioo inavumilia vizuri sana kwenye mwili wa kitako. Shida ni ikiwa sehemu ya kushikia loki ni plastiki tupu, kwa sababu plastiki ikikaa imebanwa muda mrefu kwenye joto inakubali taratibu, haivunjiki, inajipinda tu kidogo kidogo na hutaiona kwa macho.

Kwangu kitako hiki cha pili nakipa nne kwa tano, ile moja imeondoka kwa ajili ya uzito na kwa sababu kiwandani walikaza skrubu bila gundi yoyote. Springi ya kabari nimeibadilisha mara moja, mwaka wa tano, nilipoona kitufe kinarudi kwa uvivu. Ile ya zamani niliilaza mezani pembeni ya mpya, ilikuwa imepungua urefu wa kama nusu ya koili. Kwenye kipochi cha vifaa sasa kuna nyingine moja imefungwa kwenye nailoni, pamoja na pini ya akiba.