Themostati mpya au kuflashi hita?
Kwa wenye gari za zamani huku Njombe na Makete, hita ikipuliza vuguvugu usikimbilie kufumua dashibodi. Cheki geji ya joto la injini kwanza, ikibaki chini hata ukienda masafa marefu, mara nyingi shida ni themostati (kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), na gari nyingi mafundi walishaing'oa eti injini isichemke, sasa maji yanazunguka tu hayapati moto, rudisha mpya ya nyuzi joto zinazotakiwa na injini yako (82 au 88 hivi), kazi ndogo na hata ulaji wa mafuta utapungua. Geji ikikaa katikati halafu mpira mmoja wa maji ya hita ni wa moto na mwingine baridi, hapo mara nyingi rejeta ndogo ya hita imeziba: flashi (isafishe kwa maji) kinyumenyume kwa presha ndogo, injini ikiwa imepoa, ujaze kulanti (maji maalum ya kupoza injini) na utoe hewa. Mimi naanzaga na themostati.