Programu za kujifunzia urubani nyumbani: ipi ununue, ipi uache

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kiembesamaki, Unguja, ambako ndege hutupitia juu ya mapaa mchana kutwa, alinijia pesa ziko tayari: "Kaka, nianze na ipi? Nataka na skrini kubwa." Nikamwambia aanze na pedali za miguu, zile za kugeuzia pua ya ndege kushoto na kulia. Akacheka.

Mimi sikucheka, maana yalinikuta. Nilirusha ndege za kompyuta mwaka mzima kabla ya somo langu la kwanza la kweli. Hata dakika kumi hazijapita angani, mwalimu akachukua karatasi akazifunika mita zote. Macho yangu yalikuwa yameganda kwenye dashibodi, nje sitazami, na miguu imelala sakafuni kama ya abiria. Kwa hiyo hapa sipangi kwa uzuri wa picha. Napanga kwa kile kitakachobaki mwilini siku ukikaa kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya wanafunzi.

Ya kwanza: X-Plane 12. Programu hii huzigawa mbawa na rafadha (yale mapanga yanayozunguka puani) vipande vipande, ikapiga hesabu ya nguvu ya hewa kwenye kila kipande. Ndiyo maana mwendo ukipungua hadi mbawa zikakaribia kushindwa kuibeba ndege, unaiona inavyolegea mkononi. Inakubali Windows, Mac na Linux, unachagua mwenyewe maeneo ya dunia ya kupakua, na ipo ya majaribio bure. Ijaribu kwanza kwenye mashine yako kabla hujatoa hata shilingi.

Zoezi langu ninalolipenda ni la kwetu hapahapa. Weka upepo wa Kaskazi, unaotoka nyuzi 040, kilomita 30 kwa saa. Tua uwanja wa Abeid Amani Karume, barabara ya 36, yaani ile inayoelekea nyuzi 360, kaskazini. Upepo unakupiga ubavuni kwa karibu kilomita 20, na usipokanyaga pedali ndege itagusa lami ikiwa imekaa upande. Kisha vuka uende Pemba na upepo uleule, utue barabara ya 03, inayoelekea nyuzi 030. Sasa ubavuni imebaki kama kilomita 5 tu, upepo karibu wote uko puani. Ila usijisahau: lami ya Pemba ni kama nusu ya ile ya Unguja, ukichelewa kugusa chini inaisha. Ukimaliza, geuza iwe Kusi uone hesabu inavyopinduka. Somo hilo nililisoma kitabuni mara tatu, likaniingia jioni moja.

Ya pili: FlightGear. Ni ya bure kabisa, na si bure ya ujanja. Imekuwa ikijengwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990. Picha zake zimechoka, nakubali. Lakini Cessna 172 yake inakuwezesha uizunguke ndege kabla ya kuruka: uondoe vifuniko, ufungue kamba, uangalie oili. Kwa mwanafunzi asiye na pesa, au mwenye laptopu ya kazini, hii ndiyo. Ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa na usumbufu wa kuipanga mwanzoni.

Ya tatu: Microsoft Flight Simulator 2024. Nzuri mno kwa macho. Ukitaka kujifunza njia kwa kutazama chini, ukitoka Dar es Salaam kuja Unguja ukitafute kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa kabla hujauona uwanja, hakuna inayoishinda. Tatizo ni bando. Mandhari inavutwa kutoka intaneti wakati unaruka, na kompyuta yenyewe iwe ya nguvu. Kama nyumbani una faiba, sina ugomvi nawe.

Ya mwisho: programu za simu. Utazoea majina ya vitu na mpangilio wa mita za dashibodi. Mkono haujifunzi chochote kwa kuinamisha simu.

Vifaa sasa. Jostiki ya kuzungusha kifimbo, kama Logitech Extreme 3D Pro, inatosha kuanzia. Ukiweza kuongeza, chukua Thrustmaster T.16000M: kifimbo chake kinasomwa kwa sumaku, hakisuguani ndani, na kwa vumbi na hewa yetu ya chumvi hiyo ni nafuu kubwa. Yangu ya zamani ilianza kutetemeka yenyewe, ndege inajilaza kushoto nami sijaigusa. Usukani kama wa Cessna unapendeza, lakini ni mzito kuusafirisha, usubiri. Pedali zisisubiri. Na kabla ya skrini ya pili, nunua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, umeme usije ukakukatia ndege ikiwa mita 50 juu ya lami.

Masaa ya nyumbani hayaandikwi kwenye logibuku, daftari la saa za rubani. Yanayohesabika ni ya mashine zilizoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, tena kwa kiwango maalumu. Unachookoa ni pesa ya kulipia ndege huku ukiuliza swichi ya pampu ya mafuta iko wapi.

Yule kijana alinunua pedali. Wiki ya pili akanipigia simu, kila akikanyaga kiti chake cha magurudumu kinarudi nyuma hadi ukutani. Nikamwambia afanye kama mimi: kamba ya nailoni, kiti na mguu wa meza, fundo la ngalawa.