Kujaribu kiraka: kwenye kompyuta yako au seva ya mradi?

Umeandika kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo linaloondoa hitilafu kwenye programu. Utakijaribu kwako, au kwenye seva inayoendesha majaribio ya mradi yenyewe? Kwa kasi, kompyuta yako inashinda. Unaendesha jaribio moja linalohusu hitilafu, unaliona likifeli, unaweka kiraka, linapita. Usiruke kule kufeli kwa kwanza: jaribio ambalo halijawahi kufeli halithibitishi kitu.

Kwa uhakika, seva iko mbele. Huanza na mazingira safi kila mara, hivyo faili uliyosahau kuiingiza kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) hujulikana papo hapo, tena inaweza kujaribu Linux, Windows na macOS kwa mpigo. GitHub Actions, huduma ya seva za aina hii, haitozi miradi ya wazi kwa mashine za kawaida, ila mchangiaji mpya huenda akasubiri idhini ya msimamizi. Matunzo? Kwenye kompyuta yako, maktaba (misimbo ya wengine ambayo mradi hutegemea) utazisasisha mwenyewe.

Kosa la mstari mmoja, kompyuta yako yatosha. Umegusa njia za faili (anwani za mahali faili zilipo), ambazo huandikwa tofauti kwenye Windows na Linux? Ngoja seva.