TAHADHARI: Wanaouza "talaka ya kule ulikofungia ndoa". Nimepigwa, usipigwe na wewe

Ndugu zangu, hili nimekaa nalo miezi minne kwa aibu. Nimeamua kuliandika baada ya kuona mtu mwingine anamuulizia wakala yuleyule aliyenitapeli, na watu wanamjibu "yuko vizuri huyo, mtafute."

Mimi na aliyekuwa mume wangu tulifunga ndoa nchi ya watu. Si kwao, si kwetu. Tulikuwa huko kwa kazi, tukaenda kwa msajili, tukapewa cheti, tukapiga picha. Baada ya miaka sita ndoa ikafa. Wakati huo kila mmoja alishahama, yeye kaenda upande wake wa dunia, mimi niko huku. Hatuna mtoto wala nyumba ya kugombania. Nilichotaka ni karatasi moja tu inayosema nimeachika kisheria, ili siku nikitaka kuolewa tena nisiulizwe maswali.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwa kujiamini: lazima urudi ulikofungia ndoa. Dada yangu alisema hivyo, rafiki yangu aliyesoma akasema hivyo, hata mtu mmoja anayefanya kazi ofisini kwa wakili akasema hivyohivyo. Shikeni hapo, maana matapeli hawa wanakula palepale. Ukishaamini kwamba ni lazima urudi, na huna nauli wala visa, basi anayekwambia "mimi nitakuendea" unamwona malaika.

Ukurasa wao wa mtandaoni ulikuwa msafi, una mizani ya haki na bendera kadhaa. Nikaandikiwa: "Dada, usihangaike. Huna haja ya kusafiri, na mumeo hana haja ya kujua. Siku 30 tu." Ada ya kufungua jalada ikaja kwanza, ndogo kabisa. Ikafuata ya tafsiri ya cheti. Ikafuata ya "kuharakisha kwa hakimu", na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana hakimu gani ana ada ya haraka? Mwisho ikaja ada ya apostili, yaani cheti cha kuthibitisha hati ili itumike nchi nyingine. Jumla ilikaribia mishahara yangu miwili na nusu.

Hati ilikuja kwa mtu wa vifurushi, ndani ya bahasha ngumu, ina utepe mwekundu na mhuri wa bluu. Nilifurahi, sitadanganya. Niliiweka kabatini pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Nilipokwenda kuandikisha ndoa ya pili, mama mmoja pale dirishani aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, kisha akalamba kidole na kupitisha juu ya mhuri. Kidole kikatoka bluu. Akaniuliza kwa upole, "Mwaka huu ulioandikwa kwenye hati, ulikuwa unaishi huko?" Nikasema hapana. "Mwenzako je?" Hapana. "Sasa hawa waliwaachanisha kama nani?" Sikuwa na jibu. Akanionyesha tarehe ya hukumu. Nikafungua kalenda ya simu palepale: Jumapili.

Niliandikia masjala ya mahakama iliyotajwa kwenye hati, kwa anwani niliyoitafuta mwenyewe, si ile aliyonipa wakala. Wakajibu kwa mistari miwili. Namba ya shauri ipo kweli, ila ni ya watu wengine kabisa, wanadaiana pesa.

Sasa niwaeleze nilichokuja kujifunza kwa gharama yangu. Mahali ulipofungia ndoa karibu hapahusiani na mahali pa kuachana. Mahakama inapata nguvu ya kuvunja ndoa kwa sababu mmoja wenu anaishi hapo au ana makazi yake ya kudumu hapo, na kwingine uraia nao unahesabiwa. Uingereza (England na Wales) wanaangalia makazi, na ndoa iwe imetimiza mwaka mmoja kabla hujaomba. California wanataka mmoja wenu awe ameishi jimboni miezi sita. Canada, mwaka mmoja ndani ya jimbo. Australia, kama si raia wala huna makazi ya kudumu, uwe umeishi miezi 12 kabla ya kuomba, na muwe mmetengana miezi 12. Ndoa yenyewe hata kama ilifungwa mwisho wa dunia, unapeleka cheti chake, na tafsiri iliyothibitishwa kama lugha ni tofauti, basi. Pa kuanzia ni mahakama ya hapo unapoishi, si ya kule mlikopigia picha.

Kuna vighairi, sikatai. Canada mwaka 2013 waliweka mlango mdogo kwa wageni waliofunga ndoa kule halafu nchi wanazoishi haziwezi kuwaachanisha kwa sababu haziitambui ndoa ile. Lakini hata mlango huo unapitia mahakamani, na una masharti yake.

Msije mkadhani tatizo ni karatasi feki peke yake. Hata karatasi halisi, iliyotoka mahakama halisi, inaweza kuanguka. Kuna kesi Uingereza iliyoamuliwa mwaka 2014. Wanandoa jozi 180 wa Italia, ambako kuachana wakati huo kulichukua miaka, walifunguliwa maombi ya talaka katika mahakama 137 za England na Wales. Katika maombi 179 kati ya hayo, mmoja wa wanandoa aliandikwa kuwa anaishi anwani ileile moja ya mji wa Maidenhead. Polisi kwenda kuangalia, kumbe si nyumba, ni kisanduku cha barua! Mambo yaligundulika mahakama moja ilipoona maombi mawili yana anwani moja. Jaji James Munby akayatupa yote 180, na talaka zilizokuwa zimeshatolewa akazifuta. Fikiria uliyekwisha kuoa au kuolewa tena kwa kutegemea karatasi ile. Unaamka asubuhi una ndoa mbili.

Marekani walishayaona haya zamani. Jimbo la Nevada mwaka 1931 walishusha muda wa ukaazi unaotakiwa kabla ya kuomba talaka hadi wiki sita, watu wakamiminika. Mwanamume na mwanamke mmoja wa jimbo la North Carolina, kila mmoja na ndoa yake, walikwenda Las Vegas, humo Nevada, mwaka 1940, wakakaa muda huo, wakapata talaka, wakaoana, wakarudi kwao. Wakashtakiwa kwa kuishi kama mume na mke wakiwa bado wana ndoa zao za kwanza. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali watiwe hatiani, kwa hoja kwamba hawakuhamia Nevada kweli. Na hao walikaa wiki sita. Mimi sikukaa hata saa moja.

Lile la "mumeo hana haja ya kujua" nalo ni sumu. Mkataba wa kimataifa wa Hague wa mwaka 1970 kuhusu kutambua talaka za nje unaruhusu nchi kuikataa talaka ikiwa upande wa pili haukuarifiwa ipasavyo ili ujitetee. Sheria ya Uingereza ya 1986 nayo inasema vivyo hivyo. Maana yake siri wanayokuuzia kama faida ndiyo kasoro itakayoiua talaka yako. Mwenzako akiwa hapatikani, mahakama zina njia zake: unaonyesha ulivyomtafuta, unaomba kibali cha kumpelekea taarifa kwa njia nyingine. Inachukua muda, inachosha, lakini inasimama.

Apostili nayo isiwatishe kwa utepe wake. Chini ya mkataba mwingine wa Hague, wa mwaka 1961, kazi yake ni kuthibitisha sahihi, cheo cha aliyesaini na mhuri. Haisemi kwamba yaliyoandikwa ndani ni kweli. Ina namba na tarehe, na nchi iliyoitoa lazima iwe na rejesta yake, kwa hiyo uliza. Niliuliza ya kwangu. Haipo.

Wengine watasema wao waliachana kidini na imetosha. Kwa dini yako sawa, sibishani. Ila usidhani serikali ya kila nchi itaihesabu. Hiyohiyo sheria ya Uingereza ya 1986 inataka talaka yoyote inayopatikana ndani ya nchi itolewe na mahakama, kwa hiyo aliyetamkiwa talaka sebuleni huko bado ana ndoa machoni pa sheria.

Sisemi kila wakala ni mwizi. Kuna wanaojaza fomu kwa malipo halali, kuna watafsiri wazuri, na mawakili wenye majina yao kwenye orodha ya chama cha mawakili, ambayo unaiangalia mwenyewe badala ya kupokea picha ya leseni kwenye WhatsApp. Ukikutana na mtu usiyemjua, muulize hivi: kati yangu na mwenzangu, nani ataandikwa kuwa mkaazi wa nchi hiyo, na kwa ushahidi gani? Mkweli atakujibu kwa sentensi moja au atakwambia haiwezekani. Wa kwangu nilipomuuliza, tayari nimeshalipa, alinijibu "hayo ni mambo ya ndani ya ofisi."

Nilipoanza kulalamika mtandaoni alikuja mwingine inboksi, eti ni mpelelezi, atanirudishia pesa zote kwa ada ndogo ya kuanzia. Na huyo msimpe kitu. Nashuku ni yuleyule.

Kwa sasa nimefungua shauri hapa ninapoishi. Cheti cha ndoa kimetafsiriwa, aliyekuwa mume wangu ameshapokea wito na kusaini bila neno, nasubiri tarehe. Ile hati feki nimeikabidhi polisi pamoja na risiti za malipo na mazungumzo yote. Kama nawe una ya kwako usiichane, ni ushahidi. Na kama umeshaitumia mahali popote, muone wakili kabla hujasaini kitu kingine.

Ukurasa wao umefungwa wiki iliyopita. Juzi nimeona mwingine, jina jipya, rangi mpya, bendera zimeongezeka. Wameweka na sampuli ya hati kuonyesha kazi yao, majina yamezibwa kwa wino mweusi. Tarehe hawakuiziba. Ni ileile, Jumapili.