Utitiri kwenye nyanya: upulize dawa au ulete mwindaji?
Geuza jani. Ukiona vidoadoa vya manjano na utando kama wa buibui, utitiri wameshaingia.

Kwa haraka, dawa inashinda. Tatizo, penye joto utitiri hupata kizazi kipya ndani ya wiki moja hadi mbili, na wanaohimili dawa ndio wanaobaki kuzaa. Rudia dawa ileile, kama abamektini, kila msimu, utalia.

Mwindaji, Phytoseiulus persimilis, ni utitiri anayekula utitiri wenzake; ni ghali mwanzoni. Utitiri wa aina ya Tetranychus urticae, mla aina zaidi ya 1,000 za mimea, mwindaji huyu anammudu vizuri. Kwa aina nyingine, Tetranychus evansi, mpenzi wa nyanya na mnavu, hafui dafu.

Kwenye kitalunyumba cha waridi ningemnunua. Nyanya za shamba la wazi? Ningepuliza kwa kubadilisha dawa, na mnavu wa pembeni ningeung'oa.