Pumba laini za mpunga kwenye bwawa la perege: uzoefu wangu, Kitere

Nafuga perege kwenye bwawa la udongo upande wa Kitere, Mtwara Vijijini, na nusu ya chakula ninachowalisha ni pumba za mpunga. Chakula cha kiwandani cha kuelea kikifika huku kutoka Dar es Salaam, nauli yote ya njiani iko ndani ya bei. Pumba ziko hapahapa mashineni, za mpunga wa bonde letu wenyewe. Kwa mfugaji mdogo nazipendekeza kwa moyo wote, mradi ujue unanunua nini.

Maana mashineni vitu viwili vinaitwa pumba. Kuna maganda ya nje, magumu, yamejaa silika (madini kama ya mchanga) na nyuzi. Samaki hapati kitu humo, hayo waachie wachoma matofali. Halafu kuna pumba laini, ule unga wa kahawia hafifu unaotoka mchele unapong'arishwa. Huo una protini kama asilimia 12 hadi 14, na mafuta mengi. Mashine za kupitisha mara moja hutoa vyote vikiwa vimechanganyika. Sehemu moja niliyokuwa nanunua walisaga maganda, wakayachanganya humohumo na kuniuzia kwa bei ya laini. Nikahama. Siku hizi kabla sijatoa hela nachota konzi, nabana. Pumba laini halisi hushikamana, huacha mafuta kiganjani na kunukia mchele. Zikichoma vidole na kumwagika kama mchanga, siondoki nazo.

Mafuta hayohayo ndiyo yenye kazi. Mpunga ukishakobolewa mafuta huanza kuvunjika, na kwa joto la huku pumba hazikawii kuchacha: harufu inageuka, ladha inakuwa chungu, perege wanasusa. Mimi nikifika nazo nyumbani nazikaanga kavu kwenye sufuria pana, moto wa wastani, nikigeuza muda wote, zikipoa nafunga kwenye mfuko. Zinakaa muda mrefu zaidi. Masika sinunui akiba kubwa hata zikiwa rahisi, maana unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Pumba peke yake hazikuzi samaki. Perege wa kunenepesha anataka protini asilimia 25 hadi 30, kwa hiyo kwenye kilo 10 naweka pumba 5, mashudu ya ufuta 3 na dagaa wa kusaga 2. Ufuta ni zao letu Lindi na Mtwara, mashudu yanapatikana; dagaa ndio wanaokula hela. Nakandia kwa uji wa muhogo, napitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, naanika zile tambi juani kisha navunjavunja. Vidonge hivi vinazama, kwa hiyo nalisha kidogokidogo, mahali pamoja, nikiangalia wanavyokula.

Wengine humwaga pumba kavu bwawani. Sehemu kubwa inageuka mbolea, na maji ya kijani ya wastani ni chakula cha perege pia. Ila ukizidisha, uozo unamaliza oksijeni usiku na alfajiri unakuta samaki wanatweta juu ya maji.

Kwa kambale na vifaranga punguza pumba, ongeza dagaa na mashudu. Wanahitaji protini zaidi. Na msimu wa mavuno wahi mashineni asubuhi, wenye kuku na ng'ombe nao wanazitaka hizohizo laini.