Koili nne kwa ufa wa mpira

Nina hasira, nasema mapema ili asiyependa maneno makali apite zake. Haya ni maoni yangu juu ya gereji iliyonitengenezea gari, na jina lake silitaji. Unguja ndogo hii, kesho nitakutana na mwenyewe kwenye maziko.

Gari yangu ni Toyota IST kuukuu. Ugonjwa wake ulianza kabla ya Ramadhani, au labda mvua za vuli, sikumbuki. Asubuhi natoka Fuoni raha mustarehe. Nikishafika mjini, injini imepata moto, nikasimama tu kwenye foleni, gari inaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Sailensi, kama mafundi wanavyouita mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda, inashuka, kioo cha pembeni kinacheza, na mara nyengine inazima kabisa mbele ya daladala, konda ananitolea maneno. Nikikanyaga mafuta, imepona. Kisha wiki nzima haifanyi kitu. Na nikiipeleka kwa fundi ndiyo kabisa, inatulia kama biharusi mbele ya mawifi.

Mara ya kwanza fundi mkuu alibadilisha plagi. Hapo sina neno, zilikuwa zimekwisha. Mara ya pili akachomeka kile kimashine kinachoisoma kompyuta ya gari kikatoa majibu kwenye simu. Nikachungulia, nikaona P0171. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo ina maana gani?"

Akaigeuza simu kifuani kwake kama anayeficha karata. "Bi mkubwa, haya hutoyafahamu. Kakae kivulini, au muite mwanamme wa kwenu nizungumze nae."

Hutoyafahamu! Mie nasomesha kemia skuli, mwaka wa ngapi huu. Usiku ule ule niliitafuta namba yenyewe: ni injini inalalamika kwamba mchanganyiko wake mwembamba, hewa nyingi, petroli kidogo. Sasa hili ndilo la kunificha mimi? Petroli ili iungue sawasawa inataka hewa yenye uzito wa mara 14.7 ya uzito wake, na hilo nimeliandika ubaoni mpaka chaki zikaniisha. Gari ilishamwambia kwa herufi moja na tarakimu nne: ama kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, ama petroli haifiki ya kutosha. Yeye akaifuta namba, taa ya injini ikazimika, akaniuzia koili, vile vidude vinavyoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Nne. Zote kwa mpigo, laki mbili na ushei, na bado alinitaka nimshukuru kwa kunipunguzia.

Jirani yangu, Ami, kaendesha magari ya mizigo umri wake wote. Nilipomsimulia alishika kichwa. "Nne za nini, mwanangu? Si angeitoa koili ya silinda ya kwanza akaitia ya tatu? Misi, yaani ile silinda kukosa kuwaka, ikihamia ya tatu, koili hiyo mbovu. Isipohama, koili haina kosa, tafuta kwengine." Spana namba kumi na dakika kumi, basi. Nilitamani kulia.

Siku ya tatu baada ya koili mpya, gari ikatetemeka pale pale Darajani.

Hadi hapa hukumu yangu ilikuwa nyepesi: nyota moja, kwa kuwa sifuri haikubaliwi. Lakini haki ya mtu haifichwi. Niliporudi, fundi mkuu alikuwa kaenda harusini, nikapokewa na kijana mwanafunzi wake. "Mwalimu, hunikumbuki? Umenisomesha." Nilimkumbuka. Kemia alipata D, na niliyemwandikia ni mimi.

Huyu hakugusa spana. Aliniambia niiwashe, niwashe na kipupwe, tukae. Tukakaa nusu saa nzima tunazungumza habari za skuli, injini inapata moto. Ilipoanza kutetemeka hakuruka. Alichukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, lenye kile kimrija chembamba, akapuliza kidogo kidogo kuzunguka mipira ya hewa. Alipofika kwenye kimpira kinachotoka kifuniko cha injini kwenda manifodi, lile bomba linaloigawia hewa kila silinda, upande wa chini pasipoonekana, sauti ya injini ikabadilika. Akapenyeza mkono, akaziba kwa kidole gumba. Kimya. Akaachia, ikatetemeka. Akaziba, kimya. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ufa wenyewe haufiki urefu wa ukucha. Mpira ukiwa baridi umekaza, na injini ikiwa baridi kompyuta huipa petroli zaidi, kwa hiyo huoni kitu. Ukipata moto unalegea na ufa unafunguka. Tena unasumbua ukisimama tu, kwa sababu hapo injini inavuta hewa kwa nguvu kupitia tundu dogo, na ile ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga mafuta, hewa halali ni nyingi mno, ya wizi haihesabiki. Mpira mpya: elfu nane. Mpaka leo, tangu masika yale, gari imetulia mpaka nasahau kama imewashwa.

Basi nikasema niwape nyota tatu, kwa ajili ya yule kijana. Hata nne. Nikajiambia fundi mkuu nae mtu mzima, ana shida zake, pengine siku ile hakuamka vizuri.

Juzi nikapita kununua taa ya breki. Fundi mkuu hayupo, kijana wangu hayupo, kaunta kasimama mwengine asiyenijua. Kwenye kabati ya kioo nyuma yake zimepangwa koili nne, zimepanguswa zinang'ara. Moja imevunjika mdomo wa soketi, imefungwa utepe mweusi. Utepe ule nilifunga mimi, kwa mkono wangu, mwaka jana.

"Hizi kiasi gani?" nikamuuliza.

"Elfu hamsini moja, mama. Nzima hizo, hazina tatizo lolote."